Kiota cha Kwamboka

Jumapili, jioni. Nyansiongo.

Mvua imenyesha tangu alasiri na miguu yangu bado inanuka tope la kinamasi. Nina wivu. Acha niliandike mapema kabla sijaanza kuzungukazunguka.

Kikundi chetu cha kutazama ndege hutoka Jumapili, kwa sababu Jumamosi sisi Wasabato tuko kanisani. Wenzetu Wakatoliki hutukuta kwenye lango la hifadhi wakitoka misa ya kwanza. Ndivyo alivyokuja leo jirani yangu Kwamboka: gauni la kanisani, gambuti miguuni, na shingoni darubini mpya aliyoletewa na mkwe wake. Yangu imepasuka kioo kimoja. Nilimsalimu vizuri, lakini roho ilikuwa imeshaanza kuniuma.

Watu wa hapa huniita Mama Ndege. Mimi ndiye hutangulia njiani, mimi ndiye huulizwa, na jina hilo nalipenda kuliko ninavyokubali.

Sasa siri yangu. Mwezi uliopita niliona kiota cha korongo taji kwenye matete, upande wa chini, karibu na mtaro. Kilikuwa na mayai. Sikumwambia mtu. Nilijiambia nawalinda, maana kuna watu huiba makinda wakayauze. Kwa hiyo leo nikawapitisha wote njia ya juu, kando ya majani chai, nikiwaonyesha shore na chozi, ndege ambao kila mtu anao nyuma ya jikoni kwake.

Kwamboka akasimama.

"Ngojeni kwanza. Pale chini si ni korongo na mtoto wake?"

Walikuwepo kweli. Korongo wawili, na kinda la kahawia ambalo halijaota hata hilo taji. Watu walishika midomo. Mzee Ondieki, mlinzi wa hifadhi, alimpa Kwamboka mkono. "Mbuya mono, vizuri sana, mama. Sasa tumepata Mama Ndege mwingine."

Mwingine.

Nilipiga makofi kuliko wote, mpaka viganja vikawasha.

Tulirudi pamoja, mimi na yeye, maana tunakaa njia moja. Tulipobaki wawili akaniambia polepole, "Moraa, mimi nilidhani leo utatuonyesha wewe. Siku ile nikikata majani ya nepia ya ng'ombe nilikuona umepiga magoti hapo kwa hicho kiota. Ulipotupitisha juu nikasema labda pamekupotea. Niwaambie ni wewe uliona kwanza?"

Nikakataa haraka. Angewaambia, wangeuliza kwa nini basi niliwapeleka njia ya juu, nami ningejibu nini? Tulikuwa watu wanane, wote wapenda ndege, na mlinzi wetu pamoja nasi. Mwizi hakuwepo. Ukweli ni kwamba nilitaka korongo wale wawe wangu peke yangu, na siku nitakayowatoa hadharani nishangiliwe mimi.

Na yeye alikuwa anajua muda wote huo. Alikuwa ameificha hadi leo ili nishangiliwe mimi.

Nimefika nyumbani nikakuta kwenye grupu la WhatsApp wameshakipa jina: Kiota cha Kwamboka. Wakaomba picha ya kiota hicho iwe picha ya grupu. Admin ni mimi. Nimeiweka, kisha nikaenda kukaa jikoni peke yangu bila kuwasha moto.

Hata chai sijapika.

Punde simu imelia. Ni ujumbe wake: "Jumatano twende sisi wawili tu, njia ya chini. Darubini utashika wewe."

Nimeusoma mara nyingi nikitafuta dharau ndani yake. Haimo. Jicho amenishinda, darubini amenishinda, na sasa hata kwa wema amenishinda. Ee Mungu, mtu huonea wivu hata wema?

Nimemjibu kwamba nitakuja. Jumatano nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba hapakunipotea.