Kibuyu ya Kapita mu bustani ya wazungu

Cirhuza, rafiki yangu,

Ni mimi, Bahizi. Barua hii naiandika kwa mukono yangu mwenyewe, hata katekista hajanisaidia. Mu kikosi yote ya bustani ni mimi peke yangu nilijua herufi. Wewe ulikuwa unanicheka, ati naandika kama kuku anachakura. Cheka tu. Kuku hii ingali hai. Kwa sasa.

Tangu ulikufa mvua imeisha, nyasi imekauka. Na mimi silimi tena. Juma moja kisha maziko yako, Kapita Rubeni, musimamizi wetu, alinitoa ku jembe, akanipa kazi ya kunyunyiza miche kwenye kivuli. Wenzangu walisema nimepata bahati. Bahati gani? Mutu hakupi kiti bure. Siku ya yenga, siku ya misa, ulikunywa pombe kwake, siku ya nne tukakuzika. Halafu ananipa kazi nyepesi, mimi rafiki yako? Nilijua anataka kunifunga mudomo. Nikaacha kumusalimia. Nikatangaza mbele ya watu: lundi, siku inayofuata yenga, naenda kwa shefu, namushitaki sumu.

Mbele ya lundi ile, ikaingia habari ya muziki. Wazungu wa Muhumba walitaka fanfari ya askari, ile ya tarumbeta na ngoma, ipige mu bustani yetu, mangaribi ya siku ya yenga, na wakasema safari hii sisi wafanyakazi tuingie na bibi zetu. Tuingie! Pale pale walipotufukuza tukila viazi yetu ku majani. Nikajiuliza: wanataka nini? Pengine kutuhesabu. Pengine kodi mupya. Nilienda ili nione kwa macho yangu, kwa maana mimi hakuna mutu wa kunidanganya.

Walituweka nyuma ya kamba, karibu na muti yako, ule wa maua ya buluu uliobeba ku kichwa kutoka bandarini. Umekuwa murefu. Wameutundikia kibao yenye jina ya muzungu. Nilisoma vizuri, herufi moja moja. Hakuna Cirhuza pale. Lakini shimo nilichimba mimi, ndiyo maana haukupinda.

Wazungu waliketi ku viti, kofia tupu. Muzungu mumoja akasimama na kijiti, anatishia askari, nao wakapiga tarumbeta. Cirhuza, muziki ilikuwa na nguvu, ngoma ilinigonga ndani ya kifua. Na hakuna mutu alicheza! Hata kutikisa bega. Madamu wamekaa kama watu wa matanga. Muziki gani hiyo, inapigwa na miguu inanyamaza? Walipopiga makofi, mimi nilishika mikono yangu mufukoni.

Ndipo Kapita akakuya na bibi yake, na kibuyu ya kasiksi, pombe ya ndizi, na murija. Akaketi mbele yangu. Kwetu, mwenye kutoa pombe anaonja kwanza, hata mutoto anajua. Akaonja. Akavuta sana, koo yake ikipanda ikishuka. Akaninyoshea murija. Nikakataa. Kuna watu wanakunywa dawa yao nyumbani kwanza, halafu wanaonja sumu bila woga. Nilimuambia vile, kwa sauti, watu wasikie. Bibi yake akainamisha uso.

Hakukasirika. Alisema tu: «Muzee, siku ile Cirhuza hakumaliza hata nusu. Alifika amejishika ku ukuta. Alikuya kuniomba kitu moja: nikutoe ku jembe, juu magoti yako imekwisha. Akasema, usimuambie ni mimi, atakataa, ile ni mbuzi ya mulima, ukiivuta mbele inarudi nyuma.»

Mbuzi ya mulima.

Hakuna mutu mwingine aliniita vile. Hata bibi yangu hakuijua. Ulikuwa unanisemea tu kule chini, kwenye shimo, sisi wawili na jembe.

Tarumbeta zilikuwa zinalia, na mimi... vumbi ya kiangazi inaingia sana mu macho, unajua. Kumbe ulikuwa unajua unakufa. Hukuniambia mimi, ukaenda kuombea magoti yangu.

Nilichukua murija, nikakunywa. Nyingi. Lundi sikuenda kwa shefu.

Usifikiri nimekuwa mujinga. Mutu anaweza kuiba jina kama anavyoiba kuku. Pengine ulimutajia ukiwa mu homa. Kwa hiyo nangoja. Nimekula ugali tu ya mukono ya bibi yangu, na kila asubuhi najibonyeza tumbo. Wewe ilikuchukua siku ya nne, mbele ya jua kutoka. Leo ni siku ya nne, na jua imeshaanza kushuka kwa upande wa milima ya Walungu. Tumbo inanguruma, lakini ni njaa.

Nakuahidi hivi. Kama nitaamuka kesho, nitapeleka pombe yangu kwa Rubeni, ile ninayoitengeneza mimi, haina mufano mu Bukavu yote. Nitaonja kwanza, mbele ya bibi yake, na nitamuomba musamaha kwa sauti ile ile niliyomutukania. Na nyuma ya kibao ya muti yako nitachora jina yako kwa kisu. Herufi ninazo.

Kama sitaamuka, basi nilikuwa na haki, na utanisikiliza huko bila kunicheka.

Lakini nafikiri utaningoja bado. Lala vizuri, mubebaji wa miti.

Ni mimi, mbuzi yako,
Bahizi