Sahihi ya Soda

Oli, Arua
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa, Mzee Siraji,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Neno lolote la barua hii usimwambie mtu, hata dada Zuhurah. Ukimaliza kuisoma usiiweke chini ya redio pamoja na barua nyingine, maana hapo ndipo kila mgeni anapochungulia. Ichome. Shafik aliyekuletea anajua tu kwamba amebeba bahasha. Ningeweza kupiga simu, lakini wewe simu unaifungulia sauti barazani, na kabla sijamaliza salamu majirani wa Koboko wote wameshanijibu.

Sasa salaam aleikum. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia, nakuomba uitumie kila jioni, si siku ya maumivu tu. Zuhurah na wanawe hawajambo? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Wapangaji wako pia ni wazima, ingawa mvua ya Jumanne iliyopita ilituingilia tena. Mpangaji wa chumba cha tatu aliamka akakuta sufuria zake zinaelea, na mkewe akasema sasa amebakiza kununua nyavu tu.

Hayo maji ndiyo mwanzo wa habari yenyewe. Unajua niliajiriwa katika ofisi ya mradi wa mfereji, ule utakaoteremsha maji ya mtaa wetu mpaka mtoni. Nilifurahi, Baba. Nilidhani nimesoma miaka yote ile ili siku moja maji yasiingie tena katika nyumba yako. Ardhi hawainunui. Wanachotaka ni haki ya kupitisha mfereji nyuma ya nyumba za watu, upana wa mita nne. Kiwanja kinabaki kwa jina lako, lakini juu ya kipande hicho hujengi, hupandi mti, na wakija kuzibua uchafu wanapita bila kupiga hodi. Kwa hiyo kila mwenye kiwanja lazima akubali kwa sahihi yake. Ndivyo sheria inavyotaka, na nilidhani ndivyo tutakavyofanya.

Msimamizi wetu ni Bwana Amandu. Si mtu wa kupiga kelele. Anaongea polepole kama mtu anayekuonea huruma, na ukitoka mezani kwake ndipo unagundua kwamba hukupata jibu. Nilimwambia mama mmoja anauliza choo chake kitahamishiwa wapi. Akasema niandike kwamba ameridhika. Nilimwambia viwanja viwili vina wenyewe walioko Kampala. Akasema Kampala si mbali. Mpima ardhi wetu, Santino, alimwonyesha kwenye ramani kwamba mahali pamoja mfereji ukipinda mita tatu tu utakwepa matatizo mengi. Akajibu kwamba ramani imeshachapishwa kwa rangi na nakala zimeshapelekwa juu. Basi, Baba, mita tatu za udongo hazisogei kwa sababu ya karatasi yenye rangi!

Mahali penyewe unapajua. Ni nyuma ya nyumba ya mama Candiru, pale alipozikwa mumewe, mzee Drani. Mstari wa mfereji unapita katikati ya kaburi. Mama Candiru alipoona kigingi chenye rangi nyekundu kimepigwa karibu na msalaba alikuja ofisini na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Akaeleza kwa heshima kwamba kaburi si jiwe la kufulia nguo. Likiguswa, ndugu za mumewe lazima waitwe kutoka Ajia, wakae, waafikiane, mnyama achinjwe, na hata hivyo hajui kama watakubali. Bwana Amandu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kuja. Alipotoka, akaniambia nichape katika orodha ya mali zilizomo njiani: kibaraza cha saruji, mita mbili kwa moja. Nikauliza kama sikusikia vizuri. Akasema kaburi linataka barua nyingi na miezi mingi, kibaraza hakitaki kitu. Nikachapa, Baba.

Nilijipa moyo kwamba bila sahihi za watu hawawezi kuchimba. Hapo ndipo nilipokuwa mjinga.

Mwezi uliopita tuliitisha mkutano wa mtaa kueleza mradi. Unaijua mikutano ya kwetu: karatasi ya mahudhurio inazunguka, kila aliyesaini anapata soda na mkate. Unajua pia kwamba hakuna anayesaini jina lake peke yake. Huyu anamwandikia kaka yake aliyekwenda sokoni, yule anamwandikia mkwe anayeumwa, ili asikose soda yake na isije ikasemwa kwamba nyumba yake haikuwakilishwa. Mama mmoja aliondoka na soda nne, na watu wakamtania kwamba mume wake yuko mmoja tu lakini ana kiu ya wanne. Hakuna aliyewahi kuona kwamba hilo ni kosa. Ni adabu ya ujirani tu.

Baada ya wiki moja Bwana Amandu aliniita. Alikuwa amekata kichwa cha ile karatasi, pale palipoandikwa mahudhurio, na mahali pake ameweka maneno mapya: sisi tuliosaini hapa chini tumekubali mfereji upite katika viwanja vyetu. Akanipa nikatoe nakala. Karani mwenye moyo angeiweka karatasi mezani na kuondoka. Mimi niliwasha mashine. Niko kwenye miezi ya majaribio, na alishatuambia kwamba atakayetoa habari za ofisi nje atakwenda kuzieleza polisi.

Katika karatasi hiyo, namba moja ni jina lako.

Najua unakumbuka vizuri kwamba hukuwapo. Ulikuwa Koboko na goti lako. Lakini sahihi ipo, yenye ile S ndefu yenye mkia, na mtaa mzima umeshaonyeshwa. Waliokuwa wanasita waliambiwa kwamba Mzee Siraji, aliyekuwa karani wa jeshi, mtu anayesoma kila mstari, amesaini wa kwanza. Basi nao wakanyamaza. Wengine walisema kama wewe umeona ni sawa, wao ni nani wa kukataa.

Baba, sahihi hiyo niliiandika mimi.

Niliigawa karatasi mimi mwenyewe, na niliona haya mkutano wa mtaa wetu uanze bila jina lako juu. Nilijiambia ni mahudhurio tu, nikaweka ile S kama ulivyonifundisha nilipokuwa darasa la tatu. Uliniambia siku hiyo hiyo kwamba karani anaweza kuazima kalamu, haazimi mkono wa mtu. Nilikumbuka maneno hayo nikiwa naandika. Soda yako niliinywa mimi.

Natamani ningeishia hapo. Alhamisi mama Candiru alinikuta mlangoni kwetu. Huyu ndiye aliyenilisha miezi yote ile mama alipofariki, wewe unajua. Alinishika mkono akauliza, kwa Kiswahili chake, “Lukumani, mutoto yangu, sema kweli. Baba yako iko naweka mukono kwa hii karatasi?” Bwana Amandu, aliyenileta, alikuwa bado ameketi kwenye gari, dirisha wazi, anatutazama. Nikasema ndiyo. Hakulia, hakunitukana. Alisema tu, “Kama Siraji iko nakubali, mimi iko na nguvu gani?” Akaniachia mkono. Jana nimesikia ametuma mtu Ajia kuwaita ndugu za Drani. Si kwa ajili ya kupinga. Ni kwa ajili ya kumtoa.

Siku ya mwisho ya malalamiko ni Ijumaa. Jumatatu inayofuata wachimbaji wanaingia. Santino amenieleza pembeni kwamba mwenye jina namba moja akija mwenyewe akasema hii si sahihi yangu, orodha nzima inarudi mezani, na hapo ndipo zile mita tatu zinaweza kuzungumzwa. Mfereji ukipinda utapita kwetu zaidi, Baba. Utachukua ule mparachichi wako na pengine choo cha wapangaji. Hilo siwezi kukuamulia. Nimeshakuamulia mara moja, na inatosha.

Watakuuliza nani aliandika jina lako. Wajibu. Usinifiche kwa sababu mimi ni mwanao. Nimeogopa wiki tatu na woga haujanisaidia kitu.

Msalimie Zuhurah, mwambie nguo alizoagiza zimepatikana. Wabusu watoto.

Ukiamua kuja, usipige namba yangu, kwa sababu simu inalala mezani ofisini na kila mtu anaitazama inapolia. Mpigie Patience, anayeuza chai mbele ya ofisi; namba yake iko nyuma ya bahasha. Mwambie tu chai iwekwe ya mzee, naye atanipa habari. Njoo Alhamisi, kabla ya Ijumaa yao. Usije ofisini kwanza, wala usinitafute nyumbani. Kuanzia saa kumi jioni nitakuwa kwa mama Candiru. Nitakuwa nimeshamwambia mwenyewe. Kama amenifukuza, utanikuta nje ya ua wake, karibu na kile kigingi.

Mwanao,
Lukumani