Pole ya Mzee Lusiani

Ijumaa, katikati ya Novemba. Tangu asubuhi inanyesha mvua iliyochanganyika na theluji, na saa tisa mchana tayari nimewasha taa.

Leo tumemuaga Mzee Lusiani.

Nimerudi nyumbani, nimevua viatu, lakini koti bado liko mwilini. Nikilivua itakuwa siku imekwisha, na mimi siko tayari iishe. Basi naandika nikiwa nalo.

Alikuwa jirani yangu wa ghorofa iliyo chini ya yangu hapa Vällingby. Mfaransa, na kazi yake ya maisha yote ilikuwa kuandika maneno ya opera za vichekesho. Si muziki, maneno. Alikuwa mtoto wa muuza nyama wa mji mdogo, akaenda Paris na sauti mbaya na kichwa kilichojaa mashairi ya utani. Kwenye mabango, jina la mtunzi wa muziki liliandikwa kubwa kama dirisha, na lake chini kabisa, la kusomwa na mwenye miwani. Alilisimulia hilo akicheka, lakini alilisimulia mara nyingi mno kwa mtu asiyeumia.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, na bado alinifundisha mambo nisiyowahi kuyafikiria. Kwamba noti ya juu haitaki irabu ya "i", inataka "a", la sivyo mwimbaji anabanwa koo na kumchukia mwandishi. Kwamba opera ya aina yake si lazima ichekeshe mwanzo hadi mwisho. Sharti lake ni watu waongee katikati ya nyimbo. Na lile lililo zito kuliko yote, alisema, usilitie kwenye wimbo. Liache lisemwe tu, watu walisikie.

Aliacha mke wa kwanza na binti huko Ufaransa, akamfuata mwimbaji mmoja wa Kiswidi hadi huku kwao, wakaoana. Yule Mswidi naye akafariki miaka michache iliyopita. Nilikutana na Mzee akishuka ngazi baada ya msiba, mimi na pakiti ya maziwa mkononi, na Kifaransa changu chote kikanikimbia. Nikajikuta nimesema, "Pole."

Akashika chuma cha ngazi, akapunguza mwendo, akanijibu, "Merci."

Asante. Jibu lenyewe kabisa. Ningejuaje kwamba hatukuelewana?

Kumbe marehemu mkewe, yule Mswidi, aliwahi kupanda Kilimanjaro, akarudi na neno moja la waongoza wageni: polepole. Mzee akadhani namwambia ashuke taratibu asije akaanguka. Tangu siku hiyo kila nilipompa pole, ya goti, ya mafua, ya kula peke yake, alikuwa anapunguza mwendo. Nami najisemea, masikini, huzuni imemlegeza magoti.

Nikaona bora nimpeleke Hallunda, mtaa wenye wahamiaji wengi, kwenye mazoezi ya kwaya yetu. Pale Kiswahili ni cha kila rangi: cha Bukavu, cha Nairobi, cha Kigoma, na changu cha Buyenzi, Bujumbura. Aliposikia kwamba karibu kila neno letu linaisha mdomo ukiwa wazi, alikuwa kama mtoto aliyefunguliwa duka la peremende. Akatangaza kwamba atatuandikia opera ndogo, na mimi nitaitia Kiswahili.

Hadithi yake ilikuwa ya washenga wanaopeleka posa nyumba siyo, kwa sababu maghorofa ya Hallunda yote yanafanana. Wanapanda na mizigo yao hadi kwa mjane mmoja asiye na binti yeyote, lifti imeharibika, na kila mtu anaona haya kuuliza. Tuligombana sana juu ya mistari. Kifaransa hukaza sauti mwishoni mwa neno, sisi hukaza kabla ya mwisho, kwa hiyo kila mstari aliouandika ulikuja kwangu ukichechemea. Na kila mwanamke alimwita "dada", hata Mama Neema, kiongozi wa kwaya, ambaye kwa umri na kwa kiwiliwili si dada wa mtu yeyote. Siku ya kwanza Mama Neema alisimamisha wimbo mzima ili amtazame vizuri.

Ubeti mmoja aliuandika kwa Kiswahili mwenyewe, bila kunishirikisha. Washenga wanakutana na mjane kwenye ngazi:

Pole, mama, pole,
ngazi bado ndefu.
Pole, mama, pole,
mzigo tupe sisi.

Tulipouimba mara ya kwanza, nusu ya kwaya ililia. Kila mmoja ana mtu wake aliyemzika, au aliyeshindwa kwenda kumzika. Mzee akaninong'oneza, mbona wanalia, si ngazi tu hizo? Ndipo nikatambua tulichokuwa tunafanyiana muda wote ule. Nikamweleza kwamba pole ni neno la kumpa mtu mwenye maumivu. Nikamwambia kwenye ubeti nitaweka polepole badala yake, mambo yaishe.

Akanisihi nisiliguse. Maisha yake yote, alisema, alikuwa anatafuta neno moja lifanye kazi mbili, na amelipata kwa makosa uzeeni. Na kweli, hata bibi yangu alikuwa akituambia twende pole tukibeba maji. Neno lenyewe halikulalamika.

Mwezi uliopita alilazwa hospitali ya Flemingsberg. Hakurudi.

Huku maiti husubiri wiki kadhaa, kanisa lipate nafasi na ndugu wapate likizo. Nilikokulia mtu huzikwa kabla majirani hawajamaliza kupeana habari. Mimi nimekaa wiki zote hizo nikipita mlango wake, na hakuna aliyenipa pole hata moja, maana jirani si mfiwa. Naandika hili na naona aibu kidogo, lakini ndivyo ninavyojisikia.

Alikuwa ameniomba ubeti ule uimbwe juu ya jeneza lake. Kwamba mtu aliyewapa wengine maneno, naye siku moja asindikizwe na ya kwake. Nikamwahidi. Binti yake, Kamila, alipofika kutoka Ufaransa nikamfikishia ombi hilo, akakataa kabla sijamaliza. Aliniambia baba yake alikuwa anachekesha kumbi nzima, na nyumbani alikuwa anakuja kulala tu. Hataki kusikia kichekesho chake kingine, hasa siku ya kumuaga.

Nilikasirika. Nilitaka kwaya isimame iimbe tu, tuone nani atatunyamazisha. Mama Neema ndiye aliyenituliza. "Ni mutoto yake," alisema. "Kilio ni ya mwenye alifiwa. Sisi tutanyamaza."

Tukanyamaza. Kilipigwa kinanda, ikaimbwa zaburi moja ya Kiswidi, kasisi akasema machache. Kisha, kama desturi ya hapa, kila mtu akapita na ua lake, akaliweka juu ya jeneza, akainamisha kichwa, akarudi kukaa. Waswidi walirudi kukaa. Sisi hatukujua kurudi kukaa hivihivi. Kila mmoja wetu, akishaweka ua, alimwendea Kamila pale mstari wa mbele, akamshika mkono, akasema pole. Pole sana. Pole, dada. Kwaya nzima, mmoja baada ya mwingine, na yeye anatutazama tu kwa macho makavu.

Nje ngazi za kanisa zilikuwa zinateleza. Kamila alikuwa anashuka taratibu mno, mguu mmoja, anasimama, mguu mwingine. Nikamwendea, nikamuuliza kama mguu unamuuma.

"Hapana," akasema. "Si ninyi nyote mmeniambia niende taratibu?"

Nikahisi baridi hadi ndani ya koti. Akaniambia baba yake alishamfundisha neno hilo kwa simu, wakati anamsimulia wimbo wake wa ngazi: pole, yaani taratibu. Na mara ya mwisho walipoongea, Mzee akiwa hospitali, yeye alimwambia anakuja kesho yake kwa ndege ya kwanza. Baba akamjibu, pole, Kamila, pole. Basi akaelewa kwamba asiharakishe. Akaiahirisha safari yake. Ndege ilipotua, baba hayupo.

Nikasimama pale natafuta la kufanya. Nikinyamaza, atabaki na baba aliyemzuia asije. Nikisema, atajua kwamba huenda hakuzuiwa kabisa, na kwamba angemkuta hai. Nilitamani mtu mwingine amweleze. Lakini yule yule Mzee ndiye aliyesema lile zito lisemwe tu.

Nikamwambia. Kwamba ni neno tunalompa mtu mwenye maumivu. Kwamba si kuomba msamaha, hilo lina neno lake, lakini anayekupa pole ameona ulipoumia. Kwamba linaweza pia kuwa taratibu, na kwamba baba yake alizijua maana zote mbili, kwa sababu mimi mwenyewe nilimweleza. "Sijui alikuambia ipi," nikasema. "Labda zote."

Akashika chuma cha ngazi vilevile kama baba yake.

"Wewe ulimjibu nini?" nikamuuliza.

"Ningejibu nini? Nilisema asante, baba. Nikakata simu."

"Basi ulijibu vizuri," nikamwambia. "Ndivyo sisi tunavyojibu."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza leo, amesimama katikati ya ngazi huku watu wakimpisha. Mama Neema akashuka. Akamvua mkoba begani, akautia begani mwake, akampa mkono, wakashuka pamoja.

Kwa hiyo ahadi yangu sikuitimiza. Ubeti haukuimbwa. Mkoba tu ndio uliobebwa, na sijui kama Mzee angelihesabu hilo.

Baada ya kahawa kwenye ukumbi wa kanisa nikaaga, nikaanza kuvuka uwanja kuelekea treni, nakwenda mbio kwa sababu sikutaka Mama Neema anione uso. Kamila akatoka mlangoni bila koti, akaniita. Nikageuka. Alikuwa ananitazama, anatazama na barafu iliyokuwa mbele yangu.

"Pole, madame," akasema.

Sikumuuliza ipi. Nilisema asante, nikapunguza mwendo.

Sasa nalivua koti.