Koti la Rubani

Njombe, Jumatano, Julai 1996

Vidole vyangu bado havijapata joto. Asubuhi nzima nimefukuza ng'ombe kwenye uwanja wa ndege, kwenye baridi hii, bila koti. Serikali ilishaacha kutupatia sare sisi walinzi wa uwanja. Shemeji yangu anapakia mizigo uwanja wa Dar. Kampuni binafsi imempa buti na posho ya usiku, ingawa wanaweza kumwachisha kazi siku yoyote. Mimi nina ajira ya kudumu, na mafua ya kudumu.

Rubani wa ndege ndogo ya abiria inayokuja kila asubuhi alizunguka juu mara moja, kama kawaida, ili nisikie nikaondoe mifugo. Ukungu ulikuwa umefunika nusu ya uwanja. Nikampungia kitambaa chekundu asitue.

Akatua!

Nilimfokea. "Kijana, unataka kufa na abiria wako?"

Akafunga zipu ya koti lake la ngozi, lile ninalolitamani tangu mwaka jana. "Mzee wangu, sisi tunalipwa kwa safari. Nikigeuza, sijafanya kazi."

Nikakunja kitambaa changu, nikarudi kwa ng'ombe.

Kesho ukungu utarudi. Nitampungia tena rubani yule kitambaa changu chekundu, mtu ambaye tumbo lake halimruhusu kukiona.