Blanketi Juu ya Gari la Mwalimu

Jumatatu, tarehe 9
Nimekamua mbuzi, nimepika chai, nimefagia. Akiru wangu amepanda tena juu ya gari. Ni la Mwalimu Guyo, mzee aliyestaafu. Ametoa viti, ameweka kitanda na jiko, anataka kusafiri nalo hadi Merti, alale ndani yake. Jirani yetu Mama Lokai amemcheka: "Mwalimu, umechoka na nyumba mpaka unaipa magurudumu?" Akiru anamfungia sola tatu. Nikimwona kule juu namwambia ashuke. Msichana wangu ni huyu mmoja.

Jumanne, tarehe 10
Sola zimekazwa na boliti. Ametoboa paa, amepitisha waya, ameziba na gundi nyeusi. Nimemuuliza, stima ikikushika je? "Mama, nimesomea." Mimi niliachia darasa la tatu. Nikarudi jikoni. Lakini naogopa.

Jumatano, tarehe 11
Nimeshindwa kulala. Naandika tu.

Asubuhi Akiru alifunika sola na blanketi zito, akaingia ndani ya gari kuunganisha waya. Nikaona blanketi, nikafikiri amelisahau. Mwalimu anakuja saa sita kuona taa zikiwaka, na sola zimefunikwa. Zitakula jua saa ngapi? Nikapanda ngazi, mimi mwoga wa ngazi. Nikalivuta.

Akiru akapiga yowe ndani ya gari. Nilishuka sijui vipi. Alikuwa sakafuni, mkono wa kulia umeungua, vidole viwili vyeupe. Alikuwa anapumua. Mungu wangu, alikuwa anapumua.

Hospitali wamemfunga bandeji. Wanasema atapona. Akiru anasema ni upepo uliotoa blanketi.

Nikasema ndiyo, ni upepo.

Alhamisi, tarehe 12
Akiru amempigia Mwalimu, atafute fundi mwingine. "Kama blanketi limenishinda kufunga, nitafunga nini?" Alisema hivyo akiangalia ukuta. Kazi yake anaitupa sababu ya uongo wangu. Naogopa kumwambia. Naogopa kunyamaza. Ataniangalia vipi?

Jumamosi, tarehe 14
Nimemwambia. Alikuwa anakunywa uji kwa mkono wa kushoto. Nikasema, "Si upepo. Ni mimi."

Akaweka kijiko. "Siku tatu najilaumu, mama. Siku tatu!" Akatoka nje. Nililia peke yangu.

Alirudi bado na hasira. Akanieleza kama mtoto: jua halina swichi. Sola ikiona mwanga tu inatoa stima, hata kama waya haijafika popote. Kuifunika ndiyo kuizima. Mimi nilidhani ni kama kuchaji simu, stima haiji mpaka uichomeke kwanza.

Halafu akaniangalia. "Na ngazi ulipandaje, wewe?"

Nikasema sijui. Akacheka kidogo. Akamtafuta Mwalimu kwa simu, amwambie kazi ataimaliza mwenyewe.

Jumatatu, tarehe 23
Taa ziliwaka juzi. Feni ndogo pia. Leo wameenda Merti, Akiru na Mwalimu na mke wake. Akiru anasema ile barabara ya mawe itaonyesha kama boliti zimeshika. Vidole vyake bado vyekundu. Nilimpaka mafuta kabla hajapanda gari, hakunikataza.

Nyumba kimya. Simu iko kwa mapaja yangu. Akiru, ukipata network hata ya dakika moja, nibip tu, mama yangu. Upesi.