Mume Anayekataa Mchuzi Wangu

Barking, London
9 Machi 2025

Dada yangu mpendwa Elinaja,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mguu wa mama umepata nafuu. Sisi huku tunapumua. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu wewe huipokea kwa spika, ukoo mzima wa Usangi ukasikia.

Unajua Wilmer, huyu mume wangu Mbolivia, alivyoupenda mchuzi wangu wa kuku, ule wa manjano mengi. Tangu Novemba akaanza kuukataa. Akitoka kazini anasema ameshiba. Nikipika maharage anachungulia sufuria kama mkaguzi, kisha anakula mkate mkavu. Wewe ni mke wa mtu. Mwanamume asiyekula kwake anakula kwa nani? Halafu Jaswinder, ninayetunza naye wazee, akaniambia amemwona Tottenham kwenye mgahawa wa watu wa kwao, akipakuliwa chakula na mwanamke mwenye kicheko kirefu.

Nikaanza kupekua. Ndani ya buti lake la kuvaa kazini nikakuta kichupa cha kapsuli kisicho na jina la dawa, namba tupu. Moyoni nikasema hizi ni dawa za nguvu za kiume, na hazikununuliwa kwa ajili yangu. Sikumwuliza. Nilichofanya nitakwambia.

Jumatano alirudi mapema, akakaa jikoni na koti lake, akalia. Akaniambia ana ugonjwa uitwao Chagas. Utotoni, katika nyumba ya udongo ya bibi yake, aliumwa na mdudu anyonyaye damu, na vimelea vikakaa moyoni vikiutafuna miaka yote. Alinificha kwa kuwa nashinda na wagonjwa, hakutaka nirudi nimkute mgonjwa mwingine nyumbani. Hospitali inajaribu kapsuli zenye kitu kilichotolewa kwenye manjano, ambacho huenda kikazuia moyo usizidi kuchakaa. Bado hakuna ajuaye kama kinafaa, ndiyo maana wanapima, na sharti lao ni asile manjano mengine. Yule mwenye kicheko ni shangazi yake.

Mimi hata hapo sikuamini. Nilimtaka anipeleke kwa huyo shangazi, nikanusa hadi masufuria yake. Ni kweli tupu.

Alilia kwa sababu kipimo kipya kinaonyesha moyo umepanuka zaidi. Anajilaumu. Krismasi alinionea huruma akala sahani moja ya mchuzi wangu, na anaamini ndiyo iliyoharibu dawa. Ameniomba msamaha, dada. Mimi!

Sasa haya usimsomee mtu. Zile kapsuli nilizifungua zote, nikamwaga unga wake kwenye sinki, nikajaza sembe. Unga ulikuwa wa njano, hata harufu ya manjano niliisikia, nikasema huyo mwanamke ameniibia mpaka kiungo changu. Kila alipoleta chupa mpya nilirudia. Tangu Desemba mume wangu anameza sembe, na kabla ya kumeza anasali.

Alhamisi naenda naye kliniki. Nitasema mbele ya madaktari na mbele yake. Naogopa sana, Elinaja. Sijui kama nitarudi na mume.

Msalimie mama, mwambie Wilmer anamwulizia mguu. Leo amekula kwangu, wali mweupe na kuku wa chumvi tu. Amemaliza sahani, akanishukuru.

Mdogo wako,
Angel