Breki Tatu

Mjukuu wangu Nafula,

Huku Bumala tuko salama. Mahindi yamebeba vizuri, na yule ng'ombe uliyempa jina amezaa.

Uliniuliza kwa simu kwa nini nameza vidonge vitatu kwa presha moja, na kama ugonjwa umenishinda.

Nikiwa kijana nilibeba watu kwa baiskeli pale mpakani Busia. Siku moja nilimpakia msichana mwenye kikapu cha mayai. Kwenye mteremko nikabana breki ya mbele peke yake, kwa nguvu zangu zote, na baiskeli ikatutupa. Msichana akajipangusa ute wa yai usoni, akasema, "Wewe kijana, bana zote mbili polepole, halafu gusa tairi kwa kandambili."

Daktari naye alianza na kidonge kimoja. Akakiongeza nguvu, lakini presha ikakataa kushuka na miguu ikanivimba, hata nikataka kuacha dawa kabisa. Sasa amekipunguza na kuniongezea vingine viwili, kila kimoja kinavuta kidogo kwa upande wake. Aliponieleza hivyo nilicheka, akashangaa. Presha imeanza kushuka.

Yule msichana ni nyanya yako. Kila asubuhi huniletea kikombe cha maji na kuniambia, "Mzee, breki." Nazimeza zote tatu, mjukuu wangu, kwa sababu bado nimempakia.

Ni mimi,
Kuka wako